Mwili wa mbwa unavyotulia baada ya mshtuko, na tunachoweza kuiga

Watu wanaponiuliza mbwa anaweza kumfundisha binadamu nini kuhusu afya, wengi hutarajia niseme kwamba mbwa hana mawazo, basi na sisi tuache mawazo. Sikubaliani nao. Mbwa ana hofu. Anachukia fataki na radi, na anakumbuka vizuri mlango wa mahali alipochomwa sindano. Kazi yangu ya kutibu wanyama hapa Arusha imenifundisha kuangalia kitu kingine: mbwa mwenye afya anayeishi vizuri akishtuka, mwili wake hupanda, yaani moyo huharakisha na misuli hukaza, hufanya unachotakiwa kufanya, kisha hushuka mpaka chini kabisa. Sisi tunapanda na foleni ya asubuhi, tunaongezewa na ujumbe wa marejesho ya mkopo, na saa nne usiku bado tuko juu, tumejilaza tu.

Ukimchunguza mbwa unaona jinsi anavyoshuka. Ana njia zake, na karibu zote mwili wa binadamu nao unazo.

Nianze na moyo, kwa sababu hapo jambo lenyewe linasikika kwa masikio. Ukimwekea stetoskopu mbwa mzima aliyetulia, moyo wake haupigi kama saa ya ukutani. Unaharakisha kidogo, unakawia, unaharakisha tena. Kijana mmoja alimleta Simba, mbwa jike wa rangi ya kahawia, kwa chanjo yake ya mwaka. Alikuwa amemshika mezani, kiganja kikiwa kifuani nyuma ya mguu wa mbele wa kushoto, mara akaniita: "Dokta, moyo wa Simba unaruka. Unapiga, unasimama, unapiga."

Nikamwambia aangalie mbavu huku akisikiliza mapigo kwa kiganja. Simba akivuta pumzi, mapigo yanakaribiana. Akiitoa, yanaachana. Tukiwa katika hilo, mbwa mwingine akabweka barazani. Masikio ya Simba yakasimama, na chini ya kile kiganja mapigo yakawa ya haraka, yamepangika sawasawa.

"Sasa umekaa vizuri," kijana akasema.

"Hapana, kaka. Sasa ndiyo ameogopa."

Kinachotokea ni hiki. Kuna neva iitwayo vagasi, inayotoka kwenye ubongo, inapita shingoni, inafika kifuani na tumboni. Kazi yake mojawapo ni kupunguza mwendo wa moyo. Mnyama akivuta pumzi, nguvu ya neva hiyo kwenye moyo hupungua, akiitoa, hurudi. Ndiyo maana mbwa aliyetulia ana mapigo yasiyolingana, na wanafunzi wa udaktari wa mifugo hufundishwa mapema wasiyachukulie kuwa ugonjwa. Hofu ikiingia, mfumo wa kukimbia au kupambana huchukua nafasi, na ile tofauti kati ya kuvuta na kutoa pumzi hupotea.

Binadamu tuna utaratibu huohuo. Kwa mbwa unasikika kirahisi zaidi, lakini upo kwetu pia, na una mlango mmoja ambao tunaweza kuufungua kwa hiari: pumzi. Vuta kwa hesabu ya nne, toa taratibu kwa hesabu ya sita. Hapo unapumua kama mara sita kwa dakika, na katika mwendo huo ile tofauti ya mapigo huongezeka kwa watu wengi. Dakika tano zinatosha kwa kuanzia. Huhitaji mkeka wala chumba cha kimya; kiti cha dirishani kwenye daladala kinafaa. Ukihisi kizunguzungu, acha, pumua kama kawaida. Sehemu inayofanya kazi kubwa ni ile ya kutoa pumzi, kwa hiyo usijaze kifua kupita kiasi.

Njia ya pili ya kushuka utaiona mlangoni mwa kliniki yoyote ya wanyama. Mbwa ameshikwa, amekatwa kucha, amepimwa joto kwa njia asiyoipenda. Unamteremsha sakafuni. Anapiga hatua mbili tatu, anasimama, anajikung'uta kuanzia kichwani mpaka ncha ya mkia, masikio yakipigapiga, ingawa hana hata tone la maji mwilini. Kisha anaondoka akiwa na mwendo mwingine kabisa. Nimeona hili mara nyingi kiasi kwamba nimejizoeza kusubiri. Mbwa akijikung'uta, najua msuli ulioshikana umeachia, na mwenye mbwa anaweza kumpa maji. Asipojikung'uta, akabaki mkia chini na mdomo umefungwa, namwambia mwenyewe asubiri kwanza kabla ya kumpakia garini.

Sisi tunatoka kwenye kikao kigumu na kuingia kwenye kingine bila hata kushusha mabega. Sikwambii ujikung'ute mbele ya bosi, ingawa chooni hakuna wa kukuona. Daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, tangu miaka ya 1920 alikuwa akifundisha wagonjwa wake kukaza kundi moja la misuli kisha kuliachia, kundi baada ya kundi, na mbinu hiyo bado hutumika kwa watu wenye wasiwasi na wanaokosa usingizi. Kunja ngumi kwa nguvu kwa sekunde tano, achia, sikiliza tofauti. Pandisha mabega mpaka masikioni, achia. Kaza nyayo, achia. Tofauti kati ya mbwa na sisi ni kwamba yeye hufanya palepale jambo linapoisha. Sisi tunalibeba mpaka nyumbani, na wanaolipokea ni watoto.

Kujinyoosha ni ndugu wa karibu wa hilo. Mbwa akiamka haruki kwenda zake. Anatanguliza mikono mbele, anashusha kifua, anabinua kiuno, kisha anasogea mbele na kuvuta miguu ya nyuma mmoja mmoja, na kupiga miayo juu yake. Mtoto mchanga naye akiamka hujinyoosha hivyohivyo. Mtu mzima aliyeamshwa na kengele ya simu, mkono wake wa kwanza huenda kwenye simu. Jaribu kuchelewesha simu kwa muda wa kujinyoosha tu. Na kama kazi yako ni ya kukaa, simama kila unapopata sababu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na inasisitiza pia kupunguza muda wa kukaa.

Hapa niseme jambo kwa wasomaji wangu wa Pwani na Visiwani. Najua wengi wenu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi, na nyumbani hamfugi. Hamhitaji kufuga ili kujifunza. Kutazama kunatosha. Na katika Sura ya Al-Kahf, wale vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao, na aya ya 18 inamtaja akiwa amenyoosha mikono yake kizingitini. Kila nikimwona mbwa wa mlinzi amelala hivyo getini, mikono mbele na kidevu juu yake, huikumbuka aya hiyo. Ni mlalo wa mnyama aliyepumzika bila kuacha kazi yake.

Sasa kunusa. Hapa ndipo nabishana zaidi na wanaofuga. Mtu anamtoa mbwa jioni, anataka atembee sawa na mguu wake, na kila mbwa akisimama kwenye nguzo anamvuta kamba: "Twende!" Kwa mbwa huo ni mzunguko uliopotea. Pua yake ina vipokea harufu vinavyoweza kufika mamia ya mamilioni, wakati yetu ina mamilioni machache. Kwenye ile nguzo anasoma nani amepita, lini, jike au dume, mgonjwa au mzima. Mwaka 2019 watafiti Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walilinganisha makundi mawili ya mbwa wa nyumbani. Kwa wiki mbili kundi moja lilifanya michezo ya kutafuta vitu kwa pua, jingine lilizoezwa kutembea kando ya mwenyewe. Kisha kila mbwa akawekewa bakuli mahali ambapo hakuweza kujua kama lina chakula au halina. Wale wa pua walilikimbilia haraka zaidi kuliko walivyokuwa wakifanya kabla ya mazoezi. Kwa lugha ya watafiti wa tabia, walikuwa wamepata matumaini zaidi: jambo lisilojulikana walilitarajia liwe jema. Wale wa kutembea sawa hawakubadilika.

Binadamu pua zetu ni dhaifu, lakini kinachoigwa hapa ni umakini. Watafiti wa San Francisco, katika kazi iliyotoka mwaka 2020, waliwaomba wazee watembee dakika 15 mara moja kwa wiki, kwa wiki nane. Nusu walitembea tu. Nusu nyingine waliombwa watafute njiani vitu vya kustaajabisha, waviangalie kana kwamba ni mara ya kwanza. Kundi la pili liliripoti furaha na huruma zaidi. Wote walitakiwa kujipiga picha njiani, na katika picha za kundi la pili, wiki zilivyosonga, nyuso zao zilichukua nafasi ndogo zaidi na mandhari ikachukua nafasi kubwa zaidi. Nalipenda sana tokeo hilo.

Kwa hiyo ukitembea kwenda kituoni kesho, toa vipokea sauti masikioni kwa kipande kimoja cha njia. Utasikia harufu ya maandazi ya mama lishe kabla hujaona moshi wake. Utajua kwa pua kwamba mvua imenyesha upande wa juu. Usifanye safari nzima hivyo. Mbwa naye hanusi kila jiwe.

Kuhusu usingizi nitasema machache kwa sababu mwili wa mbwa na wetu hapa vinatofautiana. Mbwa mzima hulala karibu nusu ya siku au zaidi, kwa vipande vipande. Sisi tunahitaji angalau saa saba za usiku zilizoungana. La kuiga ni kwamba mbwa akichoka hulala mapema, na jua likiwa kali la saa saba mchana hutafuta kivuli na sakafu ya baridi, hafanyi mashindano na joto.

Salamu, lakini, zinanigusa. Umetoka dakika kumi kununua vocha, mbwa anakupokea kama uliyetoka safari ya Songea. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, walionyesha kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni kwa muda mrefu, homoni ya oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Ndiyo homoni inayohusika katika kuwaunganisha mama na mtoto. (Usimkazie macho mbwa usiyemjua. Kwake hiyo ni vita, na jeraha la mbwa asiyechanjwa ni la kuoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kukimbizwa hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.) Hata mbwa mwitu wetu wa hifadhi za Nyerere na Ruaha, ambao si wahenga wa mbwa wa nyumbani, husalimiana kundi zima kwa kurukaruka na kulia kabla ya kwenda kuwinda. Utamaduni wetu ulilijua hili zamani: shikamoo, marahaba, habari za tangu jana, watoto hawajambo? Tunalolipoteza ni macho. Baba anaingia ndani, anaitikia shikamoo akitazama skrini. Ukifika mlangoni, simu ibaki mfukoni mpaka umemtazama kila aliyemo.

Yote haya nimeyasema juu ya mbwa anayeishi vizuri. Mitaani mwetu mbwa wengi wa ulinzi hufungiwa bandani kuanzia alfajiri, wengine kwa mnyororo wa mita mbili, wafunguliwe usiku. Huwa naitwa kuwatazama. Unamkuta anazunguka duara moja mpaka ardhi imechimbika njia, au analamba mguu mmoja mpaka nyama inaonekana. Huyo hajikung'uti, hajinyooshi, na sauti yoyote humrusha. Hajasahau uasili wake, amenyimwa nafasi. Kwa hiyo mtu akiniambia ameshindwa kutulia, siwezi kumlaumu kabla sijajua analala saa ngapi, anafanya kazi zamu ngapi, na nani anamsaidia watoto. Na kama una mbwa wa namna hiyo, mfungulie mchana ndani ya uzio, umtoe na kamba jioni. Hapo utajifunza kutoka kwake zaidi ya nilivyoandika hapa.

Lipo moja msiige. Mbwa huficha maumivu. Mbwa mzee mwenye viungo vilivyolika anaweza kula ugali wake wote, akatikisa mkia, na dalili pekee ikawa kwamba anasitasita kabla ya kuruka kwenye pikapu, au amehamia kulala peke yake nyuma ya nyumba. Mwenyewe huniambia, "Amezeeka tu, dokta." Wazee wetu husema hivyohivyo juu yao wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kuwa wanalo. Kapime. Ukifika, kaende haja ndogo kwanza, kisha kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Muuguzi akitaka kukuvisha kile kitambaa cha mashine ukiwa ndiyo kwanza umepanda ngazi, mwombe asubiri kidogo.