Muulize kazi yake kabla ya ugonjwa wake

Nikiletewa takwimu za afya za kambi ya wakimbizi au mtaa wa wahamiaji, kwanza natafuta nani anafanya kazi gani. Riziki ndiyo inayoamua mtu ataumia wapi, na kama atapata nafasi ya kutibiwa.

Wanaume wahamiaji wengi huishia kwenye ujenzi, machimbo na mashamba makubwa. Hatari zao zinaonekana: kuanguka, jua kali, vumbi la mawe linalokula mapafu taratibu. Wanawake wengi huajiriwa ndani ya nyumba za watu, ambamo mkaguzi wa kazi haingii kirahisi. Akinyimwa mshahara au akipigwa, pengine shahidi pekee ni mwajiri mwenyewe. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 wa wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2011, na nchi nyingi bado hazijauridhia.

Kambini, kuni na maji huwaangukia zaidi wanawake na wasichana. Njiani wanaweza kushambuliwa. Wakirudi, wanavuta moshi wa jiko. Kwa kuwa hawalipwi, dodoso huwaandika "hana kazi". Neno hilo linanikera sana, maana linafuta saa zilezile zinazomnyima mama nafasi ya kwenda zahanati.

Lakini tusidhani wanaume wako salama. Mjamzito ana kliniki yake, na humo hupimwa presha, damu na VVU hata kama hakuja kwa ajili hiyo. Mwanamume hana mlango kama huo. Zahanati hufungwa kabla hajatoka kibaruani, kukosa siku ni kukosa ujira, na asiye na hati huogopa kukamatwa. Basi anafika kifua kikuu kikiwa kimeshamdhoofisha. Aliyebakwa vitani hali yake ni ngumu zaidi: mara nyingi hukuta huduma imepangwa kwa wanawake tu, naye hunyamaza.

Tofauti hizi zinaweza kuingizwa kwenye mipango. Viwango vya Sphere, yaani mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu, vinapendekeza vyoo 3 vya wanawake kwa kila 1 cha wanaume. Ninapoombwa ushauri, naongeza mambo mengine: zahanati ifunguliwe jioni siku kadhaa kwa wiki, dodoso liulize saa za mtu tangu alfajiri hadi anapolala, na kadi ya mgao isibaki kwa jina la mume peke yake. Ndoa ikivunjika, mke asiye na kadi hulazimika kuomba chakula chake kwa mume yuleyule aliyeachana naye.