Folda ya kibubu: kuweka ruksa, kuchungulia marufuku

Shule moja ya sekondari upande wa Nyegezi hapa Mwanza iliniita baada ya mtihani wa Kidato cha Tatu kuvuja. Hakuna aliyeiba flashi wala kuvunja kabati. Mitihani yote ilikuwa kwenye folda moja ya seva, na aliyekaa kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu aliweza kuifungua. Nilikaa hapo, nikabofya mara mbili, na mtihani wa Kemia ukanifungukia mimi, mgeni kabisa. Iliniuma, maana kuna watoto walikesha wakisoma.

Mwalimu wa taaluma akaniambia, “Fundi, nataka walimu waweke tu. Kuona iwe kazi yangu.” Anachotaka ni kibubu: shilingi inapita kwenye kitundu, na aliyeitumbukiza hawezi kuhesabu zilizomo.

Seva yao, yaani kompyuta kuu inayotunza mafaili ya wote, ni Linux yenye Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za Windows kufikia folda zake; kompyuta za walimu ni Windows. Kwenye Linux ruhusa za folda hazina maana ileile ya ruhusa za faili, na hapo ndipo mafundi wengi tunateleza. Kila ruhusa ina namba yake. Kwa folda, kusoma, yaani 4, ni kuona orodha ya majina yaliyomo. Kuandika, 2, ni kuongeza au kuondoa majina. Ya tatu, 1, ni ruhusa ya kuvuka kizingiti. Fundi anayetaka “kuandika tu” hutoa 2 peke yake, halafu anashangaa hakuna kinachoingia: amewaruhusu watu kuweka mzigo ndani, lakini mlangoni hawapiti. Zinatakiwa 2 na 1 pamoja, yaani 3.

Nikaifanya folda iwe mali ya mwalimu wa taaluma, kisha nikapanga ruhusa kwa amri hii:

chmod 1733 /srv/walimu/kibubu

Ukiitazama kwa amri ya ls -ld utaona drwx-wx-wt: r ni kusoma, w kuandika, x kuvuka, na t ya mwisho ni alama ya ile 1 ya mwanzo. Ile 7 (4, 2 na 1 pamoja) ni ya mwenye folda, 3 mbili ni za wengine. Ile 1 ya mwanzo si ile ya kuvuka kizingiti, na usiiache kabisa. Bila hiyo, mwalimu anaweza kufuta faili la mwenzake ambalo hata kulisoma hawezi, mradi analijua jina. Na jina kama KEMIA_F3.docx nani hawezi kulibuni?

Bado kuna tundu. Kwa kawaida aliyeweka faili ndiye mmiliki wake, kwa hiyo akikumbuka jina anaweza kulifungua tena na kubadilisha maswali baada ya siku ya kukabidhi kupita. Tena Samba isipoelekezwa huacha faili jipya lisomeke na wengine wanaolijua jina. Mistari miwili kwenye smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, inaziba yote:

inherit owner = yes
create mask = 0600

Wa kwanza unamkabidhi mwenye folda kila faili linapozaliwa. Wa pili unawafungia wengine wote.

Upande wa Windows ndio uliokula siku yangu. Mwalimu akibofya folda kuifungua anakataliwa, kwa sababu Windows inaomba orodha kwanza. Kwa hiyo usiishirikishe folda yenyewe kwenye mtandao moja kwa moja. Shirikisha folda ya juu inayosomeka, kibubu kikae ndani yake, na mwalimu aburute faili aliachie juu ya picha ya kibubu. Asihifadhi humo moja kwa moja kutoka Word, kwa sababu Word huunda faili la muda kisha hubadilisha majina, na kibubu hakikubali. Amalizie kazi kwenye mashine yake, ndipo anakili, faili moja moja. Mwalimu mmoja wa Jiografia, mzee wa Ukerewe, alijaribu mara moja akasema, “Kumbe ni mgono. Samaki anaingia, hatoki.” Baada ya hapo yeye ndiye aliyewafundisha wenzake.

Swali lililobaki lilikuwa la Madam wa Hisabati: “Sasa nitajuaje limefika?” Ni swali la haki, huwezi kumwacha mtu gizani na kazi yake. Niliandika skripti ndogo, yaani orodha ya amri, inayoendeshwa kila dakika 10 na cron, kipanga ratiba cha Linux. Inahamisha kutoka kibubuni mafaili yaliyotulia zaidi ya dakika 5, ili lisiguswe linalonakiliwa bado, na kuandika jina na saa kwenye risiti.txt ambayo kila mwalimu anaisoma. Kila linalohamishwa linaongezewa saa kwenye jina, la sivyo toleo jipya lingefuta la zamani. Pia kibubu kikishakuwa kitupu, mwalimu aliyesahihisha swali anaweza kuleta faili lenye jina lilelile bila kukataliwa.

Kabla sijaondoka nilimweleza mkuu wa shule jambo ambalo mafundi hatupendi kulisema: mwenye nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu wa seva, anaona kila kitu, mimi nikiwemo. Tukalibadilisha palepale. Jipya aliliandika yeye mwenyewe, mimi nikiwa nimetazama dirishani, akalitia kwenye bahasha na kuifungia kwenye sefu yake.