Unataka "Malaika" Upi?

Jana tena. Simu ya kwanza ya kipindi, mzee wa Ngamiani, hasira imemkaba: "Mwanangu, hawa vijana wezi. 'Malaika' ni wa Fadhili William. Huyu Nyashinski kautoa wapi?" Nikamwamkia, nikamuuliza kama ameusikiliza huo wimbo. Akasema wa nini, jina si kalisikia?

Ninatunza nyimbo za redio hapa Tanga, na kesi hii imeshanitoa mvi.

Nyashinski, mwanamuziki wa Kenya mwenye "Malaika" yake, hakuiba. Mahadhi mbali, beti mbali, mapigo mbali. Kilichofanana ni neno moja, ambalo kila Mswahili aliyewahi kupenda ameshalitamka. Tena ule wa zamani una kesi yake: wapo wanaosema mtunzi hasa ni Adam Salim. Lakini hapo wanagombea mahadhi na mashairi, hawagombei jina. Miriam Makeba alipouimba, na Boney M baadaye, ulikuwa wimbo uleule. Ondoa maneno, piga kinanda kitupu, bado utaujua.

Kina mama hainichukui muda kuwaeleza. Kanga ina pindo, mji, yaani sehemu ya katikati, na jina, yale maneno yaliyoandikwa. Dukani utakuta doti mbili zenye jina moja, hii mjini ina korosho, ile ina maua. Nani amewahi kumwambia mwenye duka kwamba ya maua imeibwa? Atakachokuuliza muuzaji ni unataka ipi.

Wazungu ndio kiboko. "The Power of Love": Frankie Goes to Hollywood wana wao wa 1984. Jennifer Rush ana wake, wa 1984 vilevile. Mwaka 1985 Huey Lewis and the News wakaja na wao, ule wa filamu ya Back to the Future. Hakuna undugu hata wa shemeji. Halafu 1993 anatokea Celine Dion na jina hilohilo, na huyu kweli karudia: ni wimbo wa Jennifer Rush. Rikodi nne, nyimbo tatu, jina moja.

Hapa ndipo damu inaponichemka, maana watu hutia zote kapu moja. Utunzi ni kitu kimoja, rikodi ni kingine. Utunzi hupewa ISWC, namba inayoanza na T. Rikodi hupewa ISRC, herufi na tarakimu 12. Rush na Dion wana ISRC mbalimbali, ISWC moja. Huey Lewis yuko kivyake kabisa. Jina halikuambii lolote kati ya hayo, na huko Marekani hakimiliki hailindi jina tupu la wimbo.

Nami nimewahi kuchemka. Bwana mmoja aliomba "Hello" impendeze mkewe, siku ya kukumbuka harusi yao. Nikampigia wa Adele, 2015, wa kumwomba radhi mtu mliyekwisha kuachana. Yeye alitaka wa Lionel Richie, uliovuma 1984. Alivyopokewa nyumbani sikuthubutu kuuliza.

Panaponishinda ni "Salome". Diamond Platnumz na Rayvanny, 2016, walimfuata Saida Karoli na "Maria Salome" yake, wala hawakuficha. Kiitikio unakijua, beti mpya. Sasa niuandike wimbo uleule au mwingine? Kwenye kompyuta nimeandika "mwingine, umezaliwa na ule", nikafuta, nikarudisha. Beti ni nyingi kuliko kiitikio, kweli, lakini mtu akitoka ukumbini usiku anaondoka na kiitikio. Na taarabu ndiyo inanivuruga zaidi: mara nyingi jina ndilo kibwagizo, na kibwagizo chenyewe ni methali isiyo na mwenyewe. Waimbaji wawili wakikutana kwenye methali moja, kanuni yangu ya pindo na mji, kwamba jina moja si wimbo mmoja, inaanza kuyumba.

Mzee wa Ngamiani nilimpigia "Malaika" zote mbili, mmoja baada ya mwingine. Akapiga simu tena.

"Haya, kijana si mwizi," akasema. "Lakini si angetafuta jina lake?"