Je, wajua? Waragi humlaza fundi saa tatu na kumwamsha saa tisa

Pita kwenye saiti ya ghorofa jijini Kampala wakati wa chai ya asubuhi, uulize nani aliamka saa tisa usiku akashindwa kurudi kulala. Usishangae ukiona mikono mingi. Ukiuliza sababu, utaambiwa ni mawazo: ada ya watoto, deni la dukani, ukuta ambao mhandisi ameukataa. Ukiuliza dawa, utaambiwa waragi, ile pombe kali ya Uganda. Sasa, kama waragi ni dawa ya usingizi, mbona aliyekunywa ndiye anayeamka?

Jibu ambalo wengi tuliliamini kwa miaka, wakiwemo watu wanaoshughulika na afya ya akili kazini, ni kwamba mawazo yamekizidi kipimo. Mtu kalala vizuri, dawa imeisha nguvu, matatizo yakarudi yakamgonga. Dawa yake basi ni kuongeza kidogo. Maelezo haya yana ladha ya ukweli: usingizi ulikuja baada ya kunywa, ukakatika kilevi kilipoisha, na aliyeamka kweli ana matatizo kichwani. Kosa lake ni moja tu, nalo limo kwenye mpangilio wa matukio. Mawazo hayakumwamsha. Yalimkuta macho.

Kuna imani nyingine pacha, kwamba aliyebeba matofali kutwa nzima hawezi kukosa usingizi. Lakini misuli inaweza kuchoka kabisa huku ubongo ukikesha kama mlinzi wa geti. Kibarua, yule ambaye Kampala huitwa mupakasi, anaweza kuamka hoi na bado asipate lepe.

Tuje kwenye kinachomwamsha. Ubongo una kemikali iitwayo gaba (haina uhusiano na Ggaba ya soko la samaki) inayofanya kazi ya breki, na nyingine iitwayo glutamati ambayo ni kama mafuta ya injini. Kilevi huzidisha nguvu ya breki na kuyabana mafuta. Hadi hapo kila mnywaji anakubali. Ndiyo raha yenyewe. Sehemu inayosahaulika ni kwamba ubongo haukai ukitazama tu.

Chukua toroli lililojaa zege bichi, linasukumwa kupanda ubao kuelekea kwenye slabu. Anayesukuma hasimami wima. Ameinama mbele, miguu imekita, mabega yamekaza. Ukimwangalia kwa mbali, toroli linapanda polepole kana kwamba hakuna nguvu kubwa inayotumika, kwa sababu uzito unaorudi nyuma na nguvu inayokwenda mbele vinakaribia kulingana. Sasa zege lote limwagike ghafla. Toroli linachomoka mbele na msukumaji anafuata nalo, pengine kifudifudi. Hakuna aliyemsukuma. Kilichomwangusha ni msukumo wake mwenyewe uliokosa cha kusukuma.

Waragi ndio zege. Ubongo ukihisi unakandamizwa huinama mbele: hupunguza usikivu wake kwa gaba na kuipa glutamati nafasi zaidi. Saa tatu usiku mzigo bado ni mzito, unashinda, na mtu analala kabla hajavua buti. Saa tisa ini limekwisha kuusafisha mzigo, lakini ubongo bado umeinama. Moyo unadunda, jasho linatoka, koo limekauka, na kibofu kimejaa kwa kuwa kilevi huzuia homoni inayopunguza mkojo. Mtu aliyeamka na moyo unaokimbia hutafuta sababu, na sababu hazikosekani mwezi ambao shule zinafunguliwa.

Mfano huu una ufa: ini halimwagi mzigo kwa mkupuo, hupunguza kidogo kidogo. Ndiyo maana usingizi wa nusu ya pili ya usiku huanza kwa kuwa mwepesi, wenye kukatikakatika na ndoto kali, kabla mtu hajaamka kabisa. Tena, kwa anayekunywa kila siku, ile nguvu ya kulaza hupungua baada ya siku chache tu, ilhali ile ya kuamsha hubaki. Kwa hiyo huongeza kipimo, na ubongo nao huinama zaidi.

Hesabu yake inavutia. Tangu serikali ya Uganda ipige marufuku waragi wa kaveera (vifuko vya plastiki) mwaka 2019, chupa ndogo ya dukani ni ya mililita 200. Ikiwa na nguvu ya asilimia 40, ndani yake mna mililita 80 za kilevi kitupu, sawa na gramu 63 hivi. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chukua 8: chupa moja inahitaji karibu saa nane. Aliyeanza kunywa saa moja jioni anamaliza kuisafisha saa tisa usiku. Jibu linalonyooka kama timazi namna hii linastahili kutiliwa shaka kidogo, maana uzito wa mwili, chakula tumboni na hali ya ini hubadilisha mambo, na waragi wa kienyeji hauna lebo ya kusoma nguvu yake. Lakini jaribu chupa mbili: saa kumi na sita. Muda huo wa kuanzia saa moja jioni unaishia saa tano asubuhi, wakati mtu yuko juu ya jukwaa la ghorofa ya tatu na mwiko mkononi.

Usingizi ukiharibika kwa wiki kadhaa, uwezekano wa kupata sonona huongezeka, na sonona nayo huharibu usingizi. Wapo wanaosema ndoto ndizo zinazopoza kumbukumbu chungu, kwa mfano ya mwenzako aliyeanguka mbele ya macho yako, na kwamba kilevi kinazikata. Inawezekana, ushahidi upo, ila bado ni mwembamba. Hata hivyo ile desturi ya foromani kuwanunulia vijana chupa ya kutuliza roho baada ya ajali, kwa nia njema kabisa, haina cha kuitetea. Afadhali awape chakula cha moto na asimwache mtu alale peke yake usiku ule.

Foromani anayetaka kusaidia asianze na “unakunywa?” Jibu la swali hilo linajulikana: hapana, boss. Aulize, “Jana uliamka saa ngapi?” Saa tisa kwa siku mfululizo ni taarifa kamili, tena haimwaibishi mtu. Hela ya siku ikilipwa jioni getini, muuza waragi huwa ameshafika kabla ya mlipaji. Ikilipwa mchana baada ya posho (ugali) na maharage, au kwa simu, sehemu yake hufika nyumbani. (Wakala wa simu akiwa jirani na baa, hatujafanya kitu.) Chakula kabla ya kunywa hupunguza kasi ya kilevi kuingia kwenye damu, ingawa hakikifuti. Kwa wanaolala saitini, godoro na chandarua badala ya mifuko ya simenti si anasa. Chai ya rangi iishie saa tisa alasiri, kwa sababu nusu ya kafeini huwa bado mwilini baada ya saa tano hivi.

Ukishaamka, usipigane na kitanda. Kaa kwenye mwanga hafifu, andika madeni kwenye karatasi, urudi kulala kope zikianza kulemea. Karatasi hiyo ina utafiti mdogo nyuma yake, lakini bei yake ni nzuri.

Mtu akiamka hivyo kwa wiki mbili, akaacha kula na wenzake, akaanza kusema hana faida kwa mtu, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Hapa nako kuna imani potofu kwamba swali litampandikizia wazo. Halipandikizi, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, ashuke kutoka juu, asiachwe peke yake, dawa za kuua wadudu ziondolewe karibu naye, na apelekwe kituo cha afya, hospitali ya rufaa ya mkoa yenye kitengo cha akili, au Butabika, hospitali ya taifa iliyofunguliwa mwaka 1955, ambayo ina kitengo cha ulevi pia.

Kuna mmoja tu ambaye hupaswi kumwambia “acha leo”: yule ambaye mikono yake hutetemeka asubuhi mpaka anywe. Ubongo wake umeinama kwa miezi au miaka, na mzigo ukiondolewa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya saa 6 hadi 48, kisha kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo kuanzia siku ya pili au ya tatu. Hali hiyo huua. Hospitalini hupewa dawa zinazopunguzwa siku hadi siku, ili toroli lishuke taratibu. Anayempeleka aandike saa aliyokunywa mara ya mwisho. Ni miongoni mwa maswali ya kwanza ya muuguzi, na mgonjwa huenda asiweze kulijibu.