Si Kila Samaki Anayekufa Talek Ametiliwa Sumu

Simu ya juzi iliingia kabla sijanywa chai. "Daktari, mto Talek umetiwa sumu. Samaki wanaelea kuanzia darajani mpaka kule chini." Nikauliza kama usiku ilinyesha juu, upande wa vilima vya Loita. Ilinyesha, tena kwa ngurumo. Maji yana rangi gani? Meusi, yananuka kama yai viza. Sikuhitaji kuuliza zaidi, lakini picha zilikuwa zimeshasambaa kwenye WhatsApp, mwenye kambi mmoja ya watalii anatukanwa na wafugaji wa ng'ambo wanashukiwa. Hadithi hii nimeisikia mara nyingi mno, kwa hiyo leo naandika.

Kwanza, Talek si Mto Mara, ingawa humwaga maji yake humo, huku kwetu Maasai Mara, Kenya. Mara una maji ya kudumu kwa sababu mito ya Amala na Nyangores huteremka kutoka msitu wa Mau. Talek hutoka upande wa Loita na kupita kwenye nyika tupu. Mvua ikinyesha unafurika kwa saa chache, na kiangazi kikikaza unakatika, unabaki mlolongo wa vidimbwi. Viboko hujibana humohumo.

Kiboko hutoka usiku kula nyasi, na mchana kutwa hukaa majini akinya. Hacheui kama ng'ombe, kwa hiyo kinyesi chake kina nyuzi nene za nyasi. Mwaka 2015 mtafiti Amanda Subalusky na wenzake walikadiria kwamba viboko wa Mara, zaidi ya 4,000, huingiza mtoni zaidi ya kilo 36,000 za kinyesi kibichi kila siku. Mto unapotiririka vizuri, hicho ni chakula. Wadudu wa majini wanakila, samaki wanawala wadudu, na ndivyo nyasi ya nyika inavyofika tumboni mwa samaki. Anayeita hayo uchafu hajawahi kugeuza jiwe la mtoni akaona kinachoishi chini yake.

Shida huanzia kwenye kidimbwi kisichotiririka, na hapa naomba usinikimbie. Kinyesi huzama na kutanda sakafuni. Bakteria hukila, na katika kula wanamaliza oksijeni ya maji ya chini. Oksijeni ikiisha, kazi huendelezwa na bakteria wasioihitaji, nao huacha amonia, methani na salfaidi ya hidrojeni. Ndiyo ile harufu ya yai viza. Viboko hawadhuriki kwa kukosekana kwa oksijeni majini, maana wao wanavuta hewa ya juu. Kisha mvua ya radi inapiga Loita. Maji yanakuja kwa kishindo, yanakwangua sakafu ya kidimbwi cha kwanza, cha pili, cha kumi, na tope lote jeusi linasukumwa kwa mkupuo mmoja. Samaki aina ya ningu aliyekuwa akiogelea salama kule chini anakutana na maji yasiyo na pumzi.

Haya si makisio yangu. Mwaka 2018 mtafiti Christopher Dutton na wenzake walichapisha vipimo vya Mto Mara: katika miaka 3 mafuriko 49 yalishusha oksijeni, 13 kati ya hayo yaliishusha hadi kiwango cha hatari, na katika miaka 5 waliandika matukio 9 ya samaki kufa kwa wingi.

Sasa kuna linaloniudhi kuliko yote. Nikimaliza kueleza, mtu hunijibu: "Basi kinyesi ndicho sumu, na ng'ombe nao ni hivyohivyo." Hapana! Mtafiti Frank Masese na wenzake wameonyesha kwamba kinyesi cha kiboko na cha mifugo havifanyi kazi sawa mtoni. Ng'ombe hucheua, kinyesi chake ni laini na kina virutubisho vingi zaidi kwa kila kilo, wakati cha kiboko ni makapi. Ukiondoa viboko ukaleta ng'ombe kwa uzito uleule, umepata mto mwingine.

Lakini nikisema "ni oksijeni tu" nitakuwa nimerahisisha mno. Amonia na salfaidi ni sumu kweli, na zinakuja na wimbi lilelile. Zamani nilikuwa nawaambia vijana waangalie kambare: yeye anaweza kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo naye akifa, shuku dawa ya kuogeshea mifugo. Siku hizi siitegemei sana dalili hiyo, kwa kuwa salfaidi ikizidi inaweza kumwua kambare pia. Tena neno "asili" linanitia wasiwasi. Wimbi jeusi ni la asili, sawa. Ila tukichota maji kiangazi hadi vidimbwi visimame kwa wiki nyingi zaidi, tope linalolimbikizwa humo si kazi ya kiboko peke yake. Na maji taka ya kambi hayajapata msamaha kwa sababu nimemtetea kiboko.

Kwa hiyo ukiona samaki wanaelea, usianze na picha. Pima oksijeni hapohapo. Chini ya miligramu 2 kwa lita, na mvua ilinyesha juu, tayari una mshukiwa mkubwa. Huna mita ya kupimia oksijeni? Jaza chupa safi mpaka mdomoni, ifunge bila kuacha hewa, iweke kwenye barafu, andika saa, kisha nipigie. Wimbi hupita kwa saa chache tu, na nikifika mchana nakuta maji yameshatulia na korongo wameshakula ushahidi wote.