DNA, sisimizi na utelezi wa njano: kompyuta zinazosimuliwa vibaya

Hapa Goma, taja kompyuta ya DNA, yaani ya kupiga hesabu kwa molekuli za urithi, uone swali la kwanza: sasa coltan, madini ya simu yanayochimbwa Rubaya, itanunuliwa na nani? Haya hapa madai matatu ya aina hiyo, na ukweli wake.

"DNA itachukua nafasi ya simu zetu." Wachimbaji watulie. Mwaka 1994, huko California, mwanasayansi wa kompyuta Leonard Adleman alitumia DNA kutafuta njia ya kupita miji 7, kila mji mara moja tu. Jibu lilipatikana, ila maabara ilihangaika kama wiki nzima kwa fumbo ambalo mwanafunzi angelimaliza kwa kalamu kabla chai haijapoa. Sifa ya DNA si mbio. Ni molekuli nyingi mno kujaribu njia zote kwa pamoja. Na tantali, metali itokayo kwenye coltan, huingia kwenye kapasita za simu, vile vijenzi vidogo vya kuhifadhi umeme, kazi ambayo DNA haiifanyi.

"Sisimizi hawakosei njia fupi." Hukosea, tena vibaya. Mtafiti Jean-Louis Deneubourg na wenzake wa Brussels waliwawekea sisimizi daraja lenye matawi mawili, refu na fupi. Aliyepita kwenye fupi aliwahi kurudi, harufu yake ikakolea upesi, wengine wakaifuata. Mpaka hapo, hongera zao. Lakini tawi fupi lilipoongezwa baadaye, wengi waling'ang'ania lile refu lililokwisha kukolea harufu, mithili ya wasukuma chukudu, vile vigari vyetu vya mbao vya magurudumu mawili, waliozoea barabara yao hata njia ya mkato ikifunguliwa. Katika programu ya kutafuta njia fupi kwa kuiga sisimizi, aliyoieleza mtafiti Marco Dorigo kwenye tasnifu yake ya mwaka 1992, Milano, harufu hufifia kidogo kidogo, hivyo njia mbaya husahaulika. Humo hamna sisimizi hata mmoja: ni kompyuta ya kawaida inayopiga hesabu ya harufu isiyokuwepo.

"Reli ya Tokyo ilichorwa na uyoga." Si uyoga, wala haukuchora. Physarum polycephalum ni kiumbe telezi cha njano kisicho na ubongo. Mwaka 2010 watafiti walichapisha jaribio lao: waliweka punje za oti mahali pa miji inayozunguka Tokyo, nacho kikatandaza mishipa iliyokaribia kulingana na mtandao wa reli kwa ubora. Milima na maji waliviwakilisha kwa mwanga, kwa kuwa kiumbe hicho hukimbia mwanga. Sisi tuliobanwa kati ya ziwa na volkano ya Nyiragongo hatuhitaji kuelezwa kwa nini milima na maji vihesabiwe. Reli yenyewe ilikuwa imeshajengwa na wahandisi miaka mingi kabla.