Pullip wa Sailor Moon wa mkono wa pili: kagua nini kabla ya kulipa

Kampuni ya Groove ya Japani ilianza kutoa wanasesere wa Pullip wenye sura ya wahusika wa Sailor Moon, katuni ya Kijapani ya wasichana mashujaa wanaovaa sare za baharia, mwaka 2014. Leo wengi wao wanauzwa na watu waliokwisha kuwamiliki, na hapo ndipo mnunuzi huumia. Bandia si tatizo kubwa kama wengi wanavyodhani. Tatizo kubwa ni mwanasesere wa kuungaunga: kichwa cha mhusika mmoja, mwili wa mwingine, wigi ya dukani, kisha anauzwa kwa bei ya aliyekamilika.

Pullip ana urefu wa sentimita 31 hivi na kichwa kikubwa kuliko mwili. Thamani ya toleo la mhusika iko kwenye rangi ya uso, wigi na mavazi yake. Mwili mtupu hupatikana kwa urahisi, lakini taji dogo la paji la uso likipotea, utalitafuta miezi mingi. Kwa hiyo usianze na boksi. Fungua picha rasmi za toleo hilo, kisha mwombe muuzaji atandaze kila kitu kwenye kitambaa cheupe na kupiga picha moja: viatu vyote viwili, glavu, utepe, vito, stendi. Muuzaji akikuambia "vyote vipo" bila picha, mimi huhesabu kwamba havipo.

Kichwa kinahitaji muda zaidi. Macho ya Pullip huenda kushoto na kulia, na kope hufumba, kwa vitufe vilivyo nyuma ya kichwa. Omba video ya sekunde kumi tu. Jicho moja likichelewa au likikwama, kuna kitu kimelegea ndani, na kukirekebisha ni kufungua skrubu za kichwa. Kisha omba picha ya ukingo wa wigi. Wigi ya kiwandani huja imegundishwa. Ukiona mabaki ya gundi yaliyokwanguliwa, ujue iliwahi kutolewa. Si kosa, ila bei ishuke. Uso upigwe picha kwenye mwanga wa dirishani bila flashi, maana flashi huficha michubuko ya midomo na nyusi.

Mavazi ya mabaharia yana buluu na nyekundu nzito, na rangi hizo huhamia kwenye plastiki mwanasesere akikaa amevaa kwa miaka. Angalia shingo chini ya kola, kiuno, na miguu ndani ya buti. Doa la mwilini linaweza kufifia ukipaka krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 10, ukafunika kwa nailoni na kuweka juani saa kadhaa, ukirudia inapobidi. Usiipake usoni kamwe: itaharibu rangi. Hata mwilini, ikizidi, huacha baka jeupe ambalo halirudi. Buti za ngozi ya bandia ni habari nyingine. Poliyurethani, plastiki inayofanyiza ngozi hiyo, huharibiwa na unyevunyevu hewani, hivyo hupasuka na kubanduka hata zikiwa ndani ya boksi lisilofunguliwa. Kwenye masoko ya Japani neno 未開封 humaanisha boksi halijafunguliwa, lakini halikuhakikishii hali ya buti.

Usafirishaji nao huwashtua wengi. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi haraka kwa ndege hupima ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000 upate kilo. Kifurushi cha 40 × 30 × 20 kinalipiwa kilo 4.8 hata kama ndani hamna kilo moja. EMS, huduma ya haraka ya posta ya Japani, hupima uzito halisi, kwa hiyo mara nyingi ndiyo nafuu kwa boksi la mwanasesere. Nchi nyingi hutoza ushuru juu ya bei pamoja na nauli, basi piga hesabu ya vyote viwili kabla ya kutoa ofa.

Akifika, mvue buti na kola siku hiyohiyo, umweke mbali na jua la moja kwa moja. Mavazi yakunjwe kando kwenye karatasi nyeupe isiyo na asidi.